Mita za urefu pekee hazitoshi kutambua mimea ya Mlima Elgon

Bw Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie ramani ya Mlima Elgon iliyoandamana na makala yenu ya hivi majuzi kuhusu upandaji wa miti. Ilikuwa ramani ya kupendeza: kijani kibichi kwa msitu, kijani hafifu kwa mianzi, kahawia kwa erika, yaani vichaka vyenye majani madogo sana, na kijivu kileleni, kila rangi ikiuzunguka mlima kwa upana ule ule kama mikunjo ya kilemba. Sisi tuishio chini ya mlima huu tunajua kwamba mimea haikujipanga hivyo, na ramani za namna hiyo zimekwisha kuwagharimu watu miche na jasho.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kikundi kimoja kilichofika huku katika pilkapilka za lengo la serikali la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 kilipanda miche kwenye bonde wazi lenye nyasi, juu kidogo ya mianzi. Kwa hesabu ya mita juu ya usawa wa bahari, pale palistahili miti. Lakini ukilikanyaga bonde lile maji yanakupanda hadi vifundoni, majani ya Carex, yanayofanana na nyasi, yameota mafungumafungu kama vigoda vilivyotawanywa uani, na alfajiri chini kote kumetanda jalidi nyeupe ilhali ukingoni, mita 20 tu juu yake, erika zinadondosha umande wa kawaida. Hewa ya baridi ni nzito, na usiku huteremka na kutuama mabondeni, kwa hiyo aliye chini hupigwa na baridi kuliko aliye juu. Miezi michache baadaye hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama.

Sisemi kwamba wazo la kuigawa mimea kwa kanda za urefu ni la kipuuzi. Mwaka 1951 mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, aliigawa mimea ya milima mirefu ya Afrika Mashariki katika kanda tatu, yaani msitu wa milimani, erika, na ukanda wa juu kabisa wenye lobelia na Dendrosenecio kubwa kubwa, na mgawanyo huo umetuwezesha kuulinganisha Elgon na Mlima Kenya, Kilimanjaro na Ruwenzori. Hata hivyo, Kilimanjaro hauna ukanda wa mianzi wa kutajika, na upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ulio mkavu, mianzi inakosekana vilevile. Ukanda hukueleza umefika mtaa gani. Nyumba ni lazima uitafute mwenyewe.

Njia ya kuitafuta ipo, na si ngeni. Mswisi Josias Braun-Blanquet aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1928, nami niliijua kwa mikono kabla ya kuijua kwa jina, kwa sababu nikiwa kijana niliajiriwa wakati wa likizo kuwabebea watafiti kamba na vigingi. Unachagua mahali ambapo mimea inafanana, unazungusha kamba kupata kipande cha mraba, kikubwa msituni na kidogo kwenye nyasi, kisha unaandika kila spishi iliyomo na kukadiria sehemu ya ardhi inayofunikwa nayo. Alama ya 5 ni zaidi ya robo tatu ya kipande, 4 ni kati ya nusu na robo tatu, 3 ni kati ya robo na nusu, 2 ni kuanzia asilimia 5 hadi robo, 1 ni chini ya hapo, na msalaba mdogo huwekwa kwa mmea uliopo lakini usiofunika lolote la maana. Nakumbuka tulivyobishana juu ya majani ya Alchemilla chini ya erika, mmoja akisema 4 na mwingine 3, mpaka tukapiga magoti matopeni na kukigawa kipande kwa vijiti.

Kazi yenyewe huja baadaye, mezani. Spishi zinapangwa kwa mistari, vipande kwa safu, na jedwali linapanguliwa na kupangwa upya hadi zile zinazoandamana zikutane. Mmea unaoota kila mahali haukuelezi kitu. Wenye thamani ni ule unaopatikana katika kundi moja na kukosekana katika mengine. Bonde langu la jalidi lingejitenga na erika za ukingoni ndani ya saa moja ya kupanga jedwali, ingawa urefu wa sehemu hizo mbili unakaribia kuwa sawa.

Udhaifu wake naujua. Mkubwa wetu alitukataza kabisa kutega kamba pale kinamasi kinapokutana na erika, na bila shaka ukivikwepa vipande vya mpakani, mipaka ya makundi yako itatoka safi kuliko ilivyo mlimani. Mmarekani Henry Gleason alikwisha kudai mwaka 1926 kwamba kila spishi hujiendea kivyake kulingana na hali ya mahali, na kwamba hizo tunazoziita jamii za mimea ni mikutano ya njiani tu. Programu za kompyuta hazikuumaliza ubishi huo. TWINSPAN, iliyotolewa na Mark Hill mwaka 1979, huyagawa majedwali makubwa kwa haraka, ila itagawa chochote utakachoipa, kiwe kinagawanyika au hakigawanyiki. Kwa maoni yangu, makundi yanafaa kutumiwa kama majina ya kazi, mradi anayeyataja aseme ameyapataje.

Aseme pia mwaka. Erika zikiungua, nyasi huchukua nafasi yake, na asiyeuliza habari za moto atadhani nyasi hizo ni za tangu na tangu. Mianzi yetu nayo huchanua kwa pamoja, eneo kwa eneo, kisha ikafa, hivyo kipande kilichopimwa mwaka huo hakitafanana na kile cha miaka 10 baadaye. Majina nayo yanahama: mwanzi huo umewahi kuitwa Arundinaria, kisha Yushania, na sasa ni Oldeania, na Dendrosenecio ilikuwa Senecio hadi mwaka 1978, jambo linalowachosha wanaosoma majedwali ya zamani.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya mche kuchimbiwa shimo huku juu, wahusika wapime vipande vya kutosha katika kila bonde na kila ukingo, waandike mteremko umeelekea wapi, udongo, maji, moto na malisho, na mimea wasiyoitambua waikaushe na kuipeleka Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa jijini Nairobi, itambuliwe. Nanyi gazetini, mkichapisha ramani nyingine, tuandikieni chini yake kama ilichorwa kutokana na vipande vilivyopimwa au kutokana na mistari ya urefu peke yake. Atakayetaka kuanza na bonde nililolitaja, nitamwonyesha njia. Kamba ya nailoni ninayo bado.

Mwalimu mstaafu,
Kapsokwony, Kaunti ya Bungoma