Barua ya wazi kwa wanahewa mnaovua sare

Wanangu,

Salaam kwenu mliotoka kikosini, nanyi mnaorudi kutoka misheni za kulinda amani na safari za misaada ambazo fedha zake zimekauka: marubani, mafundi, wapakia shehena, na ninyi wa mnara wa kuongozea ndege. Nakutana nanyi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mkishuka kwenye matatu na bahasha ya kaki mkononi, mkizunguka hanga hadi hanga kuuliza kazi. Mmoja wenu alinipa shikamoo, akaniuliza, "Mzee, ndege zenye nafasi ziko wapi siku hizi?" Nilimtajia majina mawili matatu ya kampuni, tukaagana. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimemjibu vibaya, naye hakuwa wa kwanza. Nipeni nafasi nijibu upya.

Nilikuwa Lokichoggio. Wa rika langu wakisikia jina hilo hawahitaji maelezo, lakini wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Vita vya Sudan vilianza 1983. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ukaanzisha operesheni ya kupeleka chakula na dawa kusini mwa nchi ile, na Loki, kimji cha Turkana karibu na mpaka, kikawa mojawapo ya viwanja vyenye ndege nyingi Kenya nzima. Ulipofika 1998 na njaa ya Bahr el Ghazal, zile ndege kubwa za mizigo, Hercules, zilikuwa zikiondoka na tani 16 hivi za nafaka kila safari. Nafaka ilitiwa kwenye gunia, gunia likatiwa ndani ya gunia jingine, ili likigonga ardhi lisimwage. Rubani anainua pua ya ndege, kamba zinakatwa, mzigo wote unateleza kwa nyuma. Mimi nilikuwa fundi wa injini, lakini siku hizo fundi alipakia, mpakiaji alifagia, na hakuna aliyeuliza cheo. Mshahara ulikuwa mzuri. Nilisomesha, nikajenga.

Tarehe 9 Januari 2005 mkataba wa amani ukatiwa saini hapa Nairobi. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Kisha ndege zikaanza kuhama, ofisi zikaelekea Juba, na mwaka uliofuata ile hospitali ya Msalaba Mwekundu pale Lopiding, iliyotibu majeruhi wa vita kwa karibu miaka 20, ikakabidhiwa serikali. Nikarudi Nairobi, nikakaa kungoja simu.

Nilingoja karibu miaka miwili. Jioni moja redio ikatangaza mapigano mapya, sitaji wapi, nami nikahisi moyo wangu umechangamka. Nikaongeza sauti. Mke wangu akaacha alichokuwa akifanya, akanitazama bila kusema neno. Hapo nikajitambua: nilikuwa nasikiliza habari za vita jinsi mkulima anavyosikiliza habari za mvua. Nina miaka zaidi ya 70 sasa, na sijaona aibu nyingine ya kulinganisha na ile. Ndiyo maana nawaandikia hadharani. Nawaona wengine wenu mmeanza kukaa kwenye kiti kile kile nilichokalia mimi.

Swali la kuuliza ni la mzigo. Nani ana kitu kinachooza, au mtu anayezidiwa, au bidhaa inayokwama kwa kuwa barabara haifiki au inafika imechelewa? Ukimpata huyo, ndege itatafutwa. Ukianza na ndege, utazunguka Wilson hadi soli ziishe.

Hili nilipaswa kulijua mapema, kwa sababu nilifundishwa. Nilianza kazi kijana mdogo kwenye karakana moja pale pale, chini ya fundi Singasinga ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengeneza ndege za Dakota kwenye mapigano ya Burma. Vita vilipokwisha hakupata hata boliti moja ya ndege ya kukaza. Miaka yake ya kwanza Afrika Mashariki aliishi kwa kutengeneza mashine za kusaga unga, na alijivunia mashine zile kama alivyojivunia Dakota. Alikuwa akituambia kwamba mwaka 1945 dunia ilikuwa na marubani wengi kuliko madereva wa lori. Nilidhani anatia chumvi. Nilipokuja kusoma, nikakuta Marekani peke yake jeshi lake la anga lilifundisha marubani zaidi ya 190,000 katika vita vile, ilhali mashirika yake yote ya abiria, vita vinakwisha, hayakufikisha ndege 1,000. Jangwani Kingman, Arizona, zilipangwa ndege za vita zaidi ya 5,000, nyingi zikayeyushwa zikawa vipande vya aluminiamu. Ebu fikirini kijana wa miaka 23 aliyevuka bahari na ndege ile, akirudi kuikuta inauzwa kwa kilo.

Walioendelea kuruka walikuwa na jambo moja la kufanana: walianza na mzigo. Robert Prescott, rubani Mmarekani, alikuwa amepigana angani China na kikosi cha marubani wenzake. Mwaka 1945, yeye na wenzake wa kikosi kile walichanga fedha wakanunua ndege chache za mizigo za jeshi, aina ambayo wengine hawakuitaka. Shehena yao ya kwanza ilikuwa zabibu, kutoka California hadi Atlanta. Zabibu! Watu waliozoea kuangusha ndege za adui wakakaa kuhesabu masanduku ya matunda. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama Flying Tiger, na ikawa kubwa katika usafirishaji wa mizigo duniani.

Jirani zetu Wahabeshi nao walifanya hivyo. Ethiopian ilianzishwa Desemba 1945 kwa makubaliano na shirika la TWA la Marekani, na Aprili 1946 ikafanya safari yake ya kwanza, Addis Ababa hadi Cairo kupitia Asmara. Ndege zilikuwa C-47 za jeshi zilizobaki vitani, zenye mabenchi ya kukunjwa pembeni, na abiria alisafiri akitazamana na magunia ya kahawa na ngozi. Marubani na mafundi wa mwanzo walikuwa Wamarekani. Lakini nchi ile haikukaa ikawategemea milele, kwani mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa Mwethiopia wa kwanza kuwa kapteni wa shirika hilo. Leo mnapita Bole, uwanja wao wa ndege pale Addis, mnashangaa. Pale pote palianza na mabaki ya vita na kahawa.

Na mfano huu wa tatu ni wetu kabisa, nao ndio unaonigusa kuliko yote. Daktari Archibald McIndoe alitumia miaka ya vita Uingereza akiwashonea nyuso marubani walioungua ndani ya ndege zao. Mwaka 1957, yeye na madaktari wenzake wawili, Michael Wood na Tom Rees, wakaanzisha huduma ya madaktari warukao Afrika Mashariki, ile mnayoiita AMREF. Daktari aliyejifunza kazi yake kwenye miili ya wanahewa akageuka kuipeleka kwa mama wa kijijini mwenye uchungu wa siku tatu. Kila mkipita mbele ya hanga yao pale Wilson, kumbukeni ule ujuzi ulitoka wapi.

Sasa mambo ya makaratasi, maana nayo yameua ndoto nyingi. Saa zako za kuruka jeshini hazigeuki leseni ya kiraia kwa kuwa ulikuwa hodari. Utakaa mitihani ya sheria za anga na mengineyo, utapimwa afya upya, utaruka mbele ya mtahini. Kabla hujarudisha sare, hakikisha kila saa imeandikwa, imegongwa mhuri, na mwenye mamlaka ameweka saini. Ukishatoka, kamanda wako atahamishwa, faili litahama nalo, na utabaki unaapa. Fundi, andika kila injini uliyoifungua. Na kiinua mgongo msikiguse kwa ajili ya wakala anayeahidi kazi ng'ambo kwa malipo ya awali. Nimewaona waliolizwa hivyo, watu wazima wenye medali.

Kuna wakala wa aina nyingine. Huyu hakuombi hela, yeye ndiye anayekuja nazo, tena dola. Anataka rubani asiyeuliza kilichomo ndani ya masanduku, au fundi wa kwenda kuhudumia ndege kwenye vita vya watu wengine. Wanangu, hapana. Hakuna bima, hakuna jina lako popote, na ndege ikianguka mama yako hataambiwa hata nchi. Lakini hata ungehakikishiwa kurudi salama ningekataza. Ukishakula mara moja kutokana na vita vya watu, utaviombea viendelee. Nimewaambia yaliyonipata mimi, na mimi nilikuwa nabeba chakula.

Mabinti zangu, ninyi mtaambiwa jambo la ziada: kwamba mlihitajika wakati wa shida tu. Marekani wanawake 1,074 walifuzu kurusha ndege za jeshi ili wanaume waende vitani. Wenzao 38 walikufa kazini. Desemba 1944 kikosi kikavunjwa, wakaambiwa waende nyumbani, na ilipita hadi 1977 ndipo wakatambuliwa kuwa nao walitumikia jeshi. Wala si wanawake tu: Marlon Green, rubani mweusi wa jeshi la anga la Marekani, aliomba kazi kwa shirika la abiria mwaka 1957 akakataliwa, akaenda mahakamani. Alishinda kwenye Mahakama ya Juu mwaka 1963, akaanza kuruka 1965. Mkinyimwa kwa sababu isiyo ya kazi, andikeni malalamiko, tunzeni nakala, mfuate sheria, wala msimwachie mtu akuambie unajisumbua.

Wako pia ambao hamtaruka tena. Macho yamekataa, au moyo umekataa baada ya yale mliyoyaona, na hilo la pili si aibu, semeni na daktari. Ulric Cross wa Trinidad alikuwa mwongoza njia wa ndege za Mosquito, akaruka safari 80 za vita. Vita vilipokwisha alisoma sheria, na kuanzia 1967 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu kwa jirani zetu Tanzania. Dudley Thompson wa Jamaika naye alitoka jeshi la anga la Uingereza akawa wakili Moshi, na Kenyatta aliposhtakiwa Kapenguria, Thompson alikuwa miongoni mwa waliomkusanyia mawakili wa kumtetea. Waliacha ndege, wakabeba mizigo ya aina nyingine.

Mnaniuliza mzigo wa leo ni upi. Uko machoni penu: minofu ya samaki, maua, wagonjwa, watalii wa Mara na Serengeti, chanjo, vipuri vya mitambo iliyosimama porini. Rwanda tangu 2016 damu inapelekwa hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na hizo nazo zinataka mafundi. Msizidharau kwa udogo wake.

Mimi simu iliyonitoa kitini ilipigwa mwaka 2007. Mtu mmoja alikuwa na mzigo wa kwenda Juba na hakuna aliyetaka kuupakia, kwa sababu mara ya kwanza nusu yake ulikufa njiani. Ulikuwa vifaranga wa siku moja. Nikamwambia naweza. Sikuwa najua lolote. Nilikwenda kwa wafugaji nikauliza joto, nikauliza hewa, nikajifunza kwamba masanduku yale hayabanwi kama magunia ya mtama, lazima uache njia ya upepo kati ya kila safu, na kwamba kukiwa na joto ndege haikai juani hata dakika 10 milango imefungwa. Tulipaa alfajiri. Nilikaa nyuma na mzigo wangu. Tukavuka mpaka, juu ya nchi ile ile niliyoizoea kwa miaka, na katikati ya ngurumo za injini nilikuwa nasikia vifaranga wakilia, masanduku yote, mpaka tunatua.

Mzee wenu,
fundi mstaafu, Nairobi