Chonde, lisitupwe lile sanduku

Los Angeles, Jumapili usiku

Shoga yangu mpendwa,

Pole tena kwa msiba. Ujumbe wako niliupata Ijumaa nikiwa kwenye basi. Unasema kaka zako wanataka nyumba iwe tupu kabla ya mwisho wa mwezi, na sanduku la bati la barua za marehemu shangazi limeshatolewa uani, karibu na takataka. Chonde, kalirudishe ndani kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Wiki iliyopita nilikwenda Beverly Hills, kwenye maktaba ya Margaret Herrick, ya taasisi ile inayotoa tuzo za Oscar. Nilifuata karatasi za Hedda Hopper. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1885, binti wa muuza nyama, jina lake Elda Furry. Alicheza filamu zaidi ya 100, na karibu zote alikuwa mtu wa pembeni: bibi wa kitajiri, mgeni wa karamuni mwenye ulimi mkali. Umri ukasogea, kazi zikapungua, na mwaka 1938, keshapita miaka 50, akaanza safu ya habari za mastaa katika gazeti la Los Angeles Times. Hapo ndipo Hollywood ilipoanza kumwogopa. Nyumba yake mwenyewe aliiita nyumba iliyojengwa na hofu.

Sikufichi, aliumiza watu. Alimwandama Charlie Chaplin miaka nenda miaka rudi, na aliwashangilia waliokuwa wakiwanyima kazi waandishi na waigizaji kwa tuhuma za ukomunisti. Wako ambao hawakuinuka tena. Hasira hiyo niliingia nayo mle ndani na nimetoka nayo.

Ila karatasi zake hazikubeba sauti yake peke yake. Zimebeba na za waliomwandikia. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, alimwandikia mwaka 1947, wakati analaumiwa kwa kukubali kuigiza vijakazi, akaitetea kazi yake kwa maneno yake mwenyewe. Na wasomaji wa kawaida nao wamo, watu wasio na jina popote, wanaosifu, wanaogomba, wanaotoa ya moyoni kuhusu ndoa, siasa na rangi. Wanahistoria leo wanazifuata hizo barua pia, si safu peke yake. Safu zilichapwa magazetini, utazipata kwingine. Barua ni ile moja tu.

Nimekaa pale na penseli yangu, mawazo yote yako Tanga. Shangazi naye alianza kwa kuigiza mama mkwe redioni, mpaka watoto wa mtaani wakimwona sokoni wanakimbia. Kisha gazeti likampa ukurasa wa burudani. Unakumbuka jioni ile alipotufungulia lile sanduku? Bahasha zimefungwa mafungu mafungu kwa ukindu. Yule msichana wa Pangani aliyetaka kujua kama mwimbaji wake wa taarabu ameoa kweli, akaambatisha na stempu ya kujibiwa. Shangazi alimjibu kwa stempu yake mwenyewe, ile ya msichana akaiacha palepale, imeshikizwa na pini iliyokwisha ota kutu.

Barua kama hiyo ikichomwa, shoga yangu, tutaipata wapi nyingine?

Basi fanya hivi. Zitandaze ndani, penye hewa, zisipigwe na jua. Mafungu usiyachanganye, maana alivyozipanga ndivyo alivyokuwa akifanya kazi. Pini za kutu zitoe taratibu, usivute karatasi. Palipochanika usibandike selotepu, gundi yake huacha doa lisilotoka. Bahasha zote zibaki, tarehe nyingi ziko kwenye mihuri ya posta. Na ukikutana na zenye siri za watu, za mimba na talaka, zitenge, uandike juu kwa penseli kwamba zisisomwe bado. Waliandika kwa shangazi, hawakutuandikia sisi.

Kaka zako usigombane nao. Waambie nimeliomba mimi, nitalichukua Desemba nikija. Mama yangu nimeshaongea naye, anakutengea nafasi chumbani, juu ya meza, mbali na ukuta wenye mchwa. Pesa ya bajaji nimekutumia jana. Panda nalo wewe mwenyewe, usimpe mtu.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Shoga yako