Barua kwa binti yangu anayeenda kuwasemea mawakili Kinshasa

Lubumbashi, komini ya Kenya

Mwanangu,

Habari ya kazi yako imetufikia, na mama yako ameieneza mtaa mzima. Watu wananiuliza utafanya nini hasa, maana wewe si wakili wa kusimama mbele ya jaji, wala si karani wa tribinali, yaani mahakama, kama nilivyokuwa mimi. Nawajibu kwamba Baraza la Taifa la Mawakili limekuchukua useme kwa niaba yake mbele ya wabunge, maseneta, wizara na waandishi wa habari. Wengi wanaelewa. Jirani mmoja mzee akasema, "Basi anaenda kuwatetea wanaotetea wezi." Neno hilo liliniuma, lakini usilidharau. Utalikuta Kinshasa pia, midomoni mwa watu waliosoma.

Jibu lake limo kwenye Katiba yetu ya Kongo ya 2006. Kifungu cha 18 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana mara moja na jamaa zake au wakili wake, na polisi wasimshike zaidi ya saa 48. Cha 19 kinampa mtetezi anayemchagua mwenyewe, kuanzia uchunguzi wa polisi. Cha 61 kinakataza haki ya kujitetea kuguswa, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Hayo unayajua kwa moyo, ulisomea sheria. Mimi nakuambia nilichokiona mezani pangu. Niliona mafaili ambamo saa 48 ziligeuka majuma. Mara nyingi mtu alitoka kasho, chumba cha mahabusu, siku ile wakili alipotokea mlangoni na kuuliza faili liko wapi. Hakupiga kelele, hakutaja jina la mkubwa yeyote. Aliuliza tu, na kwa kuwa muulizaji alikuwa na haki ya kuuliza, faili likaonekana. Wengine kati ya mawakili hao walikuwa vijana waliotumwa na ofisi ya ushauri wa bure ya baro, yaani chama cha mawakili, na nauli ya kwenda gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, walijitolea mfukoni. Mzee wetu akikuuliza tena, msimulie hao.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Baro ina mambo ya aina mbili ya kupeleka Bungeni. Kuna mambo ya mawakili wenyewe: kodi zao, nani aingie kwenye orodha, nani aruhusiwe kutetea mbele ya mahakama gani. Na kuna mambo ya raia. Yote mawili ni halali, sheria imeliweka shirika hilo lilinde kazi na heshima ya watu wake. Ninachokuomba, mama, ni kwamba usikubali kamwe jambo la mfuko livishwe nguo ya haki ya raia. Likiwa la mfuko, liseme hivyo wazi, toa hesabu zako, utetee. Mbunge anaweza kukataa, lakini atakuheshimu. Akigundua kwamba ulimletea habari za mjane wa mtaani Katuba kumbe nyuma yake kuna ada ya ofisi, hatakusikiliza siku utakayokuja kumwambia kwamba wakili amefungwa kwa sababu ya kesi ya mteja wake. Siku hiyo ndiyo utakayomhitaji kweli. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinasema wakili asihesabiwe kuwa kitu kimoja na mteja wake wala na shauri la mteja wake. Ni sentensi fupi, lakini inabeba maisha ya watu, na anayeitamka lazima awe mtu anayeaminika.

Chukua mfano wa watetezi wa mahakama, wale wasio mawakili. Sheria ile ile ya 1979, namba 79-028, iliyopanga baro iliwapanga na wao, na inawaruhusu kutetea kwenye tribinali za amani, zilizo za ngazi ya chini kabisa, na tribinali kuu zilizo juu yake. Mawakili wengi wanakaa mijini. Mtu wa Pweto au Mitwaba, kule mbali na mjini, akishtakiwa, mara nyingi mtetezi ndiye anayepatikana, kama anapatikana mtu. Siku moja utapewa karatasi ya kuwapunguzia nafasi, imeandikwa kwamba ni kwa faida ya wananchi. Waulize wakubwa wako kabla hujaipeleka: na yule wa Mitwaba atatetewa na nani? Kama jibu lipo, liwe ndani ya karatasi. Kama halipo, mwambie batonye wa taifa, mkuu wa mawakili wote, ana kwa ana, kwa adabu, mlango ukiwa umefungwa.

Kuhusu namna ya kazi sina mengi. Vikao vya kawaida vinaanza tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba, na cha Septemba kinamezwa na bajeti. Mswada ukishafika mbele ya wabunge wote umechelewa. Watu wa kuwaona ni wale wa kamisheni ya siasa, utawala na sheria, inayoitwa PAJ, tena uende na kifungu kilichokwisha kuandikwa, siyo na malalamiko. Waandishi wa habari wape ukweli na namba ya simu inayopokelewa. Bahasha, hapana, hata ukiambiwa ndiyo desturi.

Kuna kitu kimoja ningefurahi sana ukikifanya. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema hakuna anayedhaniwa kutojua sheria. Kifungu cha 142 kinaiagiza serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutiwa sahihi. Cha kwanza kinatumika kila asubuhi kumhukumu mtu. Je, hicho cha pili? Sheria ya familia ilirekebishwa mwaka 2016, ikaondoa ile ruhusa ya mume ambayo mwanamke aliyeolewa alihitaji ili aweke sahihi au afungue kesi. Lakini shangazi yako alipokwenda kuandikisha kiwanja chake, bado alidaiwa barua ya mumewe, na hakuwa na karatasi ya Kiswahili ya kumwonyesha yule kijana wa gisheni, dirisha la ofisi. Akarudi nyumbani. Hapa hakuna ada ya wakili hata moja. Baro ikiidai serikali itimize kifungu hicho, ikatoa mawakili wake kusahihisha tafsiri, hakuna atakayeuliza mawakili ni wa nini.

Wasalimie wenzako. Kikao cha Septemba kikikaribia, nitumie andiko lako la kwanza kwenye simu ya kaka yako kabla hujampa batonye. Nitalisoma kama nilivyokuwa nikisoma mafaili, kalamu nyekundu mkononi, na mama yako atakaa pembeni kunionyesha mahali ambapo yeye hakuelewa.

Baba yako