Mfululizo wa vitabu uliofika mwisho: miungu wa Misri ya Kale katika The Kane Chronicles

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwapendekezee wasomaji, hasa waliochoka kungoja kitabu cha mwisho ambacho hakitoki, mfululizo wa The Kane Chronicles wa mwandishi Mmarekani Rick Riordan. Ni vitabu vitatu tu: The Red Pyramid (2010), The Throne of Fire (2011) na The Serpent's Shadow (2012). Kisa kinaanza, kinakolea, kinakwisha. Viliandikwa kwa ajili ya vijana, lakini mtu mzima anayependa visasili vya Misri naye atashiba.

Wahusika wakuu ni ndugu wawili, Carter wa miaka 14 na Sadie wa miaka 12. Mkesha wa Krismasi baba yao, mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri, anawapeleka British Museum, London, anasoma maneno ya kichawi mbele ya Jiwe la Rosetta, lile jiwe la kale lenye maandishi ya Misri, nalo linalipuka. Miungu watano wanatoka kifungoni: Osiris, Horus, Set, Isis na Nephthys.

Idadi hiyo haikuja hivihivi. Kalenda ya Misri ilikuwa na miezi 12 ya siku 30, jumla siku 360, na siku 5 zikawekwa nje ya miezi. Plutarch, Mgiriki aliyetuachia kisa cha Osiris kwa urefu kuliko wengine wa kale, anaeleza zilikotoka: mungu jua alimlaani Nut, mama wa hao watano, asijifungue katika mwezi wowote wala mwaka wowote. Thoth, mungu wa hekima, akacheza kete na Mwezi, akamshinda, akachukua fungu moja katika 70 la mwanga wake. Gawanya 360 kwa 70, unapata 5 na ushee. Katika siku hizo za nyongeza Nut akajifungua, mtoto mmoja kila siku.

Lishike hilo kichwani mpaka kitabu cha pili, Carter na Sadie wanapoketi kucheza senet na Khonsu, mungu wa mwezi, wakitafuta saa za ziada za usiku. Senet ni ubao wa visanduku 30, safu tatu za kumikumi, na kete husogezwa kwa kurusha vijiti. Mbao zake zilikutwa hata kaburini kwa farao Tutankhamun. Anayewekwa rehani pale ni mchezaji mwenyewe kupitia ren, yaani jina lake la siri. Msomaji asiyekijua kisa cha Thoth huona watoto wanacheza tu, akapita mbio. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote katika vitabu vyote vitatu.

Kitabu cha tatu nacho kina ufunguo wake. Sheut, kivuli, ni sehemu ya nafsi kama ilivyo ren, kwa hiyo kivuli cha joka Apophis kilichotajwa kwenye jalada (Serpent's Shadow ni kivuli cha nyoka) ni kitu cha kukamatwa kwelikweli. Makuhani wa Misri walikuwa na ibada ya kumwangamiza joka huyo, na maelezo yake yamo katika hati ya mafunjo iitwayo Bremner-Rhind: unatengeneza sanamu yake ya nta, unaitemea mate, unaikanyaga kwa mguu wa kushoto, unaichoma mkuki, unaifunga, unaikata kwa kisu, unaitia motoni. Riordan ameijenga vita ya mwisho juu ya uchawi wa namna hiyo.

Si kila kitu amekifuata. Katika visasili Ra, yule mungu jua, hujiita Khepri asubuhi, Ra adhuhuri na Atum jioni. Kitabuni nafasi ya Atum amepewa Khnum, mwenye kichwa cha kondoo dume. Anubis, mungu wa wafu mwenye kichwa cha mbweha, amekuwa kijana mtanashati. Lakini mtu asidhani Bast, mungu wa kike wa paka, kupambana na Apophis ni porojo za mwandishi: katika Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa kale wa maneno ya kumlinda marehemu, fungu la 17, yupo paka mkubwa anayemkata nyoka kwa kisu.

Sasa namna ya kusoma. Kisa kimeandikwa kana kwamba ndugu hao wanajirekodi sauti, wakipokezana kila baada ya sura mbili hivi. Kabla ya kuanza sura angalia jina la msemaji, la sivyo "mimi" wa Carter utamdhania Sadie. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni msemaji akimjibu mwenzake aliye pembeni yake. Kitabu cha kwanza kina kurasa zaidi ya 500, na katikati safari zinafuatana mno. Wengi huishia hapo. Vumilieni, kwa sababu viwili vinavyofuata ni vifupi na vinakwenda kwa kasi. Utani wakati wa hatari umezidi kipimo, hilo sitalificha.

Kosa kubwa ni kuanzia kwenye Demigods & Magicians, mkusanyo wa 2016 wa hadithi fupi tatu zinazowakutanisha ndugu hawa na mashujaa wa visasili vya Kigiriki. Watu huuchukua kwanza kwa kuwa ni mwembamba. Humo yumo Setne, mzimu wa mwana wa farao Ramesses wa Pili, ambaye hila zake zinaanzia katika kitabu cha tatu. Ukikutana naye kwenye mkusanyo kwanza, hutaelewa kwa nini Carter na Sadie hawamwamini hata kwa neno moja.

Msomaji wako