Tusiharakishe somo la makro

Mhariri,

Nawaomba walimu wenzangu wa lugha ya programu ya C tusilipitie juu juu somo la makro, yaani jina fupi ambalo hubadilishwa na maandishi mengine kabla programu haijatafsiriwa. Makro hubandika maandishi tu, haikokotoi kitu. Mwanafunzi akiandika MRABA(x) kuwa x*x, kisha akaita MRABA(2+3), anapata 11 badala ya 25, maana kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, inaona 2+3*2+3. Mabano, yaani ((x)*(x)), yanatibu hilo. Hayatibu MRABA(soma_kipimo()), ambapo soma_kipimo() ni fanksheni inayosoma kifaa cha kupimia: kifaa kinasomwa mara mbili, na kwenye pampu ya dawa hospitalini hiyo ni hatari kweli kweli! Tangu C99, toleo la C la mwaka 1999, tuna fanksheni za inline, ambazo kompaila inaweza kuzipachika pale zinapoitwa na ambazo hukokotoa hoja (thamani inayopewa fanksheni) mara moja, na kwa kawaida kasi haipungui kompaila ikiboresha programu. Lakini vijana bado wanafika darasani wakiamini makro pekee ndiyo yenye kasi.

Mwalimu wa programu,
Morogoro