Lebo inasema hafi mtu, sura ya 19 wanazika

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama tunalingana basi za kazi. Najua ukurasa wako wa barua umezoea mambo ya mitaro na foleni ya Mbagala, ila leo nivumilie niongelee kitu kingine kabisa, stori za mashabiki, zile ambazo mtu anaangalia tamthilia au anasoma kitabu alafu anawachukua wahusika walewale anawaandikia maisha mengine. Vijana wanaita fanfiki. Mi sio kijana sana, nina miaka 38, nauza duka la dawa muhimu huku Tandika, na kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi wateja wanakuwa wa kuhesabu, basi nafungua simu nasoma.

Nilivoanza ni hivi, kuna tamthilia moja ya Kikorea tuliifuatilia mtaa mzima, ikaisha vibaya, yule kaka na yule dada hawakuoana baada ya sisi kukesha nao miezi. Niliumia kama vile posa ilikuwa ya kwangu. Mtoto wa dada yangu ndo akaniambia mamdogo mbona kuna watu wameshaiandika upya wakaoana, akanishika mkono akanionyesha. Siku hiyo nililala saa kumi alfajiri na duka nikafungua saa nne.

Sasa uhai wa hizi hifadhi za mtandaoni, yani tovuti ambako stori hizo zinawekwa, ni lebo. Stori zipo mamilioni, huwezi kufungua moja moja, kwahiyo mwandishi akiweka ya kwake anaibandika tagi, ni ya tamthilia gani, nani yumo, nani yuko na nani, inafaa umri gani, ndani kuna nini cha kutisha, imekamilika au bado, na we msomaji unachuja unabaki na unachokitaka. Hata alama zina lugha yake. Ukiona mkwaju, hii alama ya /, katikati ya majina mawili hao ni wapenzi, na desturi hiyo ni ya zamani kuliko intaneti yenyewe, imetoka kwa mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga za juu, miaka ya 1970 waliokuwa wanawaandika wahusika wake Kirk na Spock kwenye vijarida vyao vya kudurufu. Ukiona & hao ni marafiki au ndugu. Alama moja tu, ila mwandishi akiikosea, mtu aliyetafuta stori ya kaka na dada waliopoteana akafungua akiwa amebanana kwenye daladala, we fikiria mwenyewe anachokutana nacho na abiria wa pembeni anachungulia.

Mkasa wangu mimi ni huu. Mwaka jana nilimzika kaka yangu, alianguka bafuni asubuhi na saa sita hatuko naye tena. Tangu hapo nikawa nachuja vifo. Sio kwamba sijui watu wanakufa, nauza dawa, najua sana, ila nilitaka yale masaa mawili ya mchana asife mtu. Nikapata stori ya watu wangu walewale wa tamthilia, sura 24, imekamilika, kwenye maonyo imeandikwa hakuna cha kuonya, kwenye tagi kuna mapenzi, familia, vicheko, mwisho mzuri. Nikaipakua usiku bando likiwa rahisi. Nikaenda nayo siku nne kidogokidogo kama mtu anayelamba ubuyu usiishe. Sura ya 18 wako sokoni wanabishana bei ya samaki wanacheka. Sura ya 19 kaanguka bafuni.

Nilikuwa kwenye daladala natoka Kariakoo kuchukua mzigo. Konda akaniangalia akasema mama vipi, umeibiwa? Nikamjibu ndio, maana ningemwambia nini.

Na mwisho wa sura mwandishi kaacha ujumbe, samahani wapendwa, sikuweka onyo ili nisiwaharibie mshtuko. Hapo ndo damu ilinichemka Mhariri, sio kwenye kifo, kifo kakiandika vizuri tena vizuri sana, tatizo ni hiyo samahani. Maana hicho anachokilinda kina njia yake halali na ipo siku nyingi. Hiyo hifadhi nilikopatia mkasa sitaitaja, ila chukulia AO3, ile kubwa iliyofunguliwa 2009 na kuendeshwa na taasisi isiyo ya faida ya kule Marekani, ambayo 2019 ilipata mpaka tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kubuni za kisayansi. Pale mwandishi analazimishwa achague kwenye maonyo makubwa, ukatili wa wazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, ngono inayohusu walio chini ya umri. Kama hakuna hata kimoja anaandika hakuna. Alafu kuna chaguo jingine, na hili ndo watu hawalielewi au wanajifanya hawalielewi, mwandishi anaweza kusema nimeamua kutotumia maonyo. Maana yake ni kwamba humu ndani kinaweza kuwemo chochote, sisemi, ukiingia umeingia mwenyewe. Mshtuko wake unabaki mzima na mimi niliyefiwa napita pembeni kimyakimya. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili. Ukisema sisemi nimekuelewa, ukisema hakuna wakati kipo umenidanganya, bhana, hata uandike kwa ufundi gani.

Kazini kwangu dawa za kuhesabu tunaweka kwenye kabahasha kadogo tunaandika kwa peni jina la dawa na 1x3 au 2x2. Hakuna mteja amewahi kunisifia mwandiko, lakini siku nikiandika dawa ya minyoo juu ya ya presha utasikia habari zangu mpaka Temeke nzima. Najua stori haiui, usinicheke, nasema tu kwamba kabahasha kale anayejua kilichomo ni mimi niliyekajaza na mteja hana namna ya kujua ila aniamini.

Na hizi hifadhi ndo ziko hivohivo. Watu wanadhani kuna mtu amekaa mahali anakagua. AO3 ina wajitolea wa kupanga tagi, kazi yao ni kwamba tagi moja ikiandikwa na watu kwa namna kumi tofauti wao wanaziunganisha ili ukitafuta moja upate zote, kazi ya bure na ya kuchosha, Mungu awalipe. Lakini hawasomi stori yako kujua kama tagi ni za kweli. Msomaji akigundua anaweza kuripoti onyo la uongo, ila kugundua maana yake ameshasoma, ameshalia kwenye daladala.

Wengine wanakosea kwa upande wa pili, wanajaza. Stori ya kurasa mbili ina tagi kama orodha ya wachangiaji wa harusi, kila mhusika aliyepita barabarani kasalimia kawekwa, kila kapo aliyotajwa kwa sentensi moja imewekwa, makusudi ili akitafutwa yeyote stori itokee. Unafungua ukimtafuta mhusika wako unamkuta kapewa neno moja, "karibu", kaishia hapo. Lilifika mahali AO3 wakaweka kikomo cha tagi 75 kwa stori moja, na bado 75 ni nyingi jamani. Ila niwe mkweli, kuna wengine siwalaumu, FanFiction.net, hifadhi nyingine ya tangu 1998, inakupa nafasi ya wahusika wanne na aina mbili tu za stori, sasa kama stori yako ni ya ukoo mzima utafanyaje.

Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Huku kwetu kwenye simulizi za Kiswahili za mitandaoni ndo balaa kabisa. Sisi lebo zetu tunazo na zinaeleweka, riwaya ni riwaya, simulizi ni simulizi, na chombezo kila mtu mzima anajua ni nini na nani hatakiwi kulisoma. Mwezi uliopita mtoto wa dada, ana miaka 13, kafungua kitu kimeandikwa simulizi ya kusisimua ya shule ya bweni, aya ya tatu tu kaniletea simu anaitazama pembeni, mamdogo hii sio ya shule. Chombezo tupu, limevalishwa sare. Na hizo za "kisa cha kweli" kilichotokea Tanga, ambacho mwezi unaofuata kinatokea tena Mwanza na majina yaleyale, na za "mwanzo mpaka mwisho" ambazo mwisho wake ni sehemu ya 14, kisha namba ya kutuma buku ili uendelee. Kama unauza sema unauza, mbona mi dukani bei nasema.

Najua nitakachojibiwa, stori ni ya bure, mtu kaandika kwa mapenzi yake hajalipwa hata shilingi, we nani umpangie. Kweli, na mimi simpangii aandike nini, aue ukoo mzima akitaka, wapo wasomaji wanaotafuta hayohayo na lebo ya kweli ingewafikisha kwake mbio, sasa hivi wao wanampita kwa sababu kaandika vicheko. Kilichokuwa cha bure ni stori. Bando nilinunua, na siku ile mzigo wa Kariakoo niliuhesabu vibaya, nikarudi dukani pungufu boksi mbili.

Nilimwandikia yule mwandishi, bila matusi, nikamwambia stori ni nzuri ila naomba badilisha hilo onyo, ni kubofya mara mbili. Wiki ya tatu hii kimya, na lebo iko vilevile.

Mtoto wa dada naye kaanza kuandika ya kwake, kwenye kaunta buku, wahusika ni walewale wa tamthilia ila kawahamishia Tandika, yule kaka anaendesha bajaji. Juzi kaniletea nimkagulie lebo. Ukurasa mzima. Umri wowote, Kiswahili, haijakamilika, kaka mkwaju dada, bibi & jirani, na chini kabisa kapigia mstari kwa peni nyekundu: mbuzi anafariki sura ya 2.

Ni mimi msomaji wako,
Tandika, Dar es Salaam