Kansa ya titi: picha ya IRM (MRI) ipigwe kabla ya seromu ya kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu wagonjwa wa kansa ya titi wanaopewa dawa kabla ya upasuaji. Hapa Lubumbashi familia nyingi hulipia kila seromu, yaani dripu ya dawa, kwa dola za mfukoni, na hukaa miezi kabla ya kuambiwa kama dawa inafanya kazi.

Kwa desturi hungojwa uvimbe upungue. Kanuni za RECIST, ambazo madaktari hutumia kupima kama uvimbe wa kansa umepungua, zilizorekebishwa mwaka 2009, zinataka kipenyo kipungue kwa asilimia 30 ndipo tiba ihesabiwe kuwa imejibu. Kwa hiyo uvimbe wa sentimita 5 uliofika 4 huandikwa kuwa haujabadilika, hata kama ndani yake seli nyingi zimekwisha kufa. IRM, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, huweza kuona kifo hicho mapema zaidi. Katika uvimbe ulio hai seli zimebanana kama abiria wa basi la asubuhi, na maji hayana pa kupita. Dawa ikiziua na kuta zao zikipasuka, maji hutembea kwa urahisi, na mashine hupima mwendo huo. Badiliko laweza kuonekana ndani ya wiki chache, kipenyo kikiwa bado kilekile. Tena IRM haitumii mionzi kama skana (CT), ijapokuwa kelele zake huwatisha wengi.

Lakini kipimo cha pili hakina maana bila cha kwanza. Picha ya mwanzo ipigwe kabla ya dawa, na ya pili kwenye mashine ileile, kwa mpangilio uleule, kwani vipimo vya mashine mbili havilingani sawasawa. Hapo ndipo tunapoharibu: mgonjwa hupigwa picha mjini, kisha huvuka Kasumbalesa kutafuta tiba Zambia akiwa na karatasi ya majibu tu, huku CD yenye picha zenyewe imebaki kabatini kwa shemeji.

Sisemi IRM ikate shauri peke yake. Siku za kwanza seli huweza kuvimba kabla ya kufa, na kipimo cha mwendo wa maji kikashuka badala ya kupanda. Daktari lazima apime na mambo mengine. Gharama ya picha mbili nayo si ndogo, ila kununua kwa miezi dawa isiyosaidia ni hasara kubwa zaidi, mbali na nguvu anazopoteza mgonjwa bure. Kwa hiyo nawaomba madaktari wetu, pale mashine ilipo, waandike kipimo cha mwendo wa maji pamoja na sentimita, na familia zidai CD kabla ya kutoka hospitalini.

Muuguzi, komini ya Kampemba, Lubumbashi